Mgonjwa wa Mlimani: Nani Aongoze Safari Yake?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo wa vijiji vya milimani, Wilaya ya Same)

  

 Tunajua kuja hapa leo kuna gharama. Wako walioacha tangawizi shambani. Wako walioacha zamu ya maji ya ndiva. Wako akina mama waliobandika makande alfajiri ili wapate nafasi ya kuja kusikiliza. Basi na sisi hatutapoteza wakati wenu.

Leo hatukuja kuulizana herufi. Kusoma na kuandika mmekwisha kujua, na vyeti mnavyo. Tumekuja na swali moja. Tuseme ni usiku wa manane. Mvua inanyesha. Mama mmoja wa kitongoji cha juu amejifungua nyumbani, na damu haikatiki. Zahanati iko ng'ambo ya bonde. Gari haliwezi kufika mlangoni. Watu wamejaa uani. Je, nani anaongoza?

Mara nyingi jibu la swali hili huwa, "Sote." Jibu hilo ni zuri masikioni, maana linaonyesha upendo. Lakini usiku ule halimsaidii yule mama. Wanapoongoza wote, haongozi mtu. Mmoja atasema tumsubiri shemeji. Mwingine atasema tutafute fedha kwanza. Wa tatu atakwenda kuita bodaboda bila kumwambia mtu, na wa nne naye atakwenda kuita nyingine. Wakati huo damu inatoka.

Wazee walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hilo ndilo jambo letu la leo. Tunataka kusema kwamba safari ya mgonjwa inataka kiongozi mmoja, na kila mtu mwingine awe na kazi yake inayojulikana mapema. Tena tunataka kusema kwamba wale wanaobeba, wanaoendesha na wanaotibu nao ni binadamu. Nao wanataka kutunzwa.

MLIMA WETU NA BARABARA ZETU

Hebu tuangalie nchi yetu ilivyo. Mji wa Same uko chini, tambarare, kando ya barabara kuu ya kutoka Moshi kwenda Tanga. Reli nayo inapita huko huko, kupitia Makanya na Hedaru. Lakini watu wengi wetu tunaishi juu: Chome, Suji, Vudee, Mbaga, Vunta, Mamba na kwingineko. Mlima Shengena peke yake una urefu wa zaidi ya meta 2,400. Huku juu tunapata mvua na baridi nzuri kwa mazao. Hiyo ni neema. Lakini neema hiyo hiyo inaharibu njia. Wakati wa masika, na wakati wa vuli pia, magari hukwama na vijito hujaa.

Tusisahau Novemba 2009. Mvua kubwa zilinyesha, na udongo wa mlima ukaporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba. Watu zaidi ya 20 walikufa. Siku kama hiyo, watu wa kwanza kufika ni majirani. Wanafika na majembe, sepetu na mikono yao. Gari la wagonjwa na wataalamu huja baadaye, barabara ikipitika.

Kwa hiyo tuelewane jambo hili. Huduma ya dharura, yaani msaada kwa mtu ambaye maisha yake yako hatarini sasa hivi, haianzii hospitalini. Inaanzia pale mtu alipoangukia. Na pale alipoangukia ni nyumbani kwetu, shambani kwetu, au njiani kwetu.

KUCHELEWA KWA AINA TATU

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya sababu za akina mama wajawazito kufa. Walisema kuna kuchelewa kwa aina tatu.

Kwanza, kuchelewa kuamua. Watu wanakaa na mgonjwa nyumbani wakisubiri ruhusa ya mtu fulani, au wakisema labda atapata nafuu.

Pili, kuchelewa kufika. Wameamua, lakini hakuna gari, hakuna fedha, njia ni mbaya.

Tatu, kuchelewa kutibiwa. Wamefika, lakini mtaalamu hayupo, au dawa na damu hazijaandaliwa.

Sasa tujiulize. Katika hayo matatu, sisi wanakijiji tunaweza lipi? Kuamua ni kwetu kabisa. Kufika, sehemu kubwa ni kwetu. Hata kutibiwa kunatuhusu, maana tukipiga simu mapema, zahanati au hospitali itajiandaa kabla hatujafika.

Na saa zina thamani kubwa. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa 2 tu, hata kama alikuwa mzima kabisa asubuhi. Ndugu zetu, saa 2 si muda mrefu. Ni muda wa kutoka kitongojini hadi barabarani, kwa mguu, kwa baadhi yetu.

Lakini tusikate tamaa. Nchi yetu imepiga hatua. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16, ilionekana kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walikufa kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha akina mama 104. Juhudi nyingi zimechangia. Basi inawezekana. Hao 104 nao wana majina, wana watoto.

KIONGOZI MMOJA

Sisi Wapare tunaijua kazi ya pamoja. Tunajua msaragambo. Tunaijua ndiva. Maji yanakusanywa usiku, na mchana yanafunguliwa kwenda mashambani. Je, kila mtu anajifungulia maji anavyotaka? Hapana. Zamu inajulikana, na yuko msimamizi. Pasipo msimamizi maji yangemwagika na watu wangepigana. Ikiwa maji ya mahindi tumeyawekea msimamizi, kwa nini mgonjwa tusimwekee?

Kiongozi wa safari ya mgonjwa si lazima awe mwenyekiti wa kitongoji. Si lazima awe mzee wala tajiri. Anaweza kuwa mama. Anaweza kuwa kijana. Anatakiwa awe na sifa hizi: ana utulivu, hapigi kelele, anakaa kijijini siku nyingi, hanywi hadi akalewa, na watu wanamsikiliza. Tena awe na msaidizi, ili siku asipokuwapo kazi isilale.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Kiongozi hashiki mti wa machela. Akishika mti, macho yake yatatazama miguu yake tu. Kiongozi anatembea pembeni akiangalia wote. Anaona nani amechoka. Anaona mgonjwa anapumua vipi. Anasema, "Badilisheni," nao wanabadilisha. Anayeonekana hafanyi kitu ndiye anayefanya kazi kubwa.

Kiongozi mzuri anasema kwa majina. Hasemi, "Mtu fulani apige simu." Akisema hivyo, kila mtu atamtazama mwenzake. Anasema, "Mama Neema, piga simu sasa, kisha njoo uniambie wamesema nini."

KAZI SITA ZA USIKU ULE

Tunapendekeza kila kitongoji kigawane kazi hizi sita, na majina yaandikwe mapema.

1. Kiongozi wa safari. Ndiye mwenye neno la mwisho.

2. Mpiga simu. Anajua namba, na anajua mtandao unapatikana jiwe gani au mti gani. Simu yake ina chaji.

3. Msaidizi wa mgonjwa. Amejifunza huduma ya kwanza. Haondoki ubavuni mwa mgonjwa.

4. Wabebaji. Wawe 8 au zaidi. Wanne wanabeba, wanne wanapumzika na kumulika kwa tochi. Wabadilishane kabla ya kuchoka kabisa. Mtu akichoka kabisa, atamwangusha mgonjwa.

5. Mwandishi. Huyu tutamzungumzia hivi punde.

6. Mtunza nyumba. Anabaki na watoto, anafunga mifugo, anaangalia moto. Msimdharau huyu. Mama wengi hukataa kuondoka kwa sababu ya watoto watakaobaki.

Machela nayo iwe tayari. Ukipata miti miwili imara na magunia mawili mazima, umepata machela. Toboa pembe za chini za magunia, pitisha miti. Kisha mlaze mtu mzima mwenye afya, mmnyanyue, mwone kama inashika. Msingoje mgonjwa ndiye ajaribiwe. Mkishuka mlima, miguu ya mgonjwa itangulie. Mkipanda, kichwa kitangulie. Na mfunikeni vizuri, maana baridi ya huku inamdhoofisha mtu aliyepoteza damu.

NAMBA YA KUJUA: 115

Ipo namba ambayo kila mama na kila baba anapaswa kuijua. Ni 115. Kupiga ni bure. Huu ni mpango uitwao M-mama, na Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kwa nchi nzima mwaka 2022. Mpango huu ni wa mama mjamzito, mama aliyejifungua, na mtoto mchanga wanapopatwa na dharura.

Unafanyaje kazi? Ukipiga, anapokea mtumishi wa afya katika kituo cha mkoa. Atakuuliza maswali: uko wapi, mgonjwa ana dalili gani. Mjibu kwa utulivu. Akiona kwamba ni dharura, atatuma gari la wagonjwa. Kama gari hilo liko mbali au halipo, atampigia dereva wa kawaida aliyeandikishwa katika mpango, ambaye anaishi karibu. Dereva huyo analipwa na mpango kwa njia ya simu. Familia hailipi.

Lakini gari halipandi jabali. Ndiyo maana machela haijapitwa na wakati. Simu inaita gari, machela inampeleka mgonjwa penye gari. Vitu hivi viwili ni ndugu. Wapangieni mahali pa kukutana: daraja fulani, shule fulani, mti fulani. Dereva aambiwe jina la mahali hapo.

Kwa moto na maokozi namba ni 114. Kwa polisi ni 112. Na kwa wagonjwa wengine wote, andikeni namba ya zahanati yenu, ya kituo cha afya, na ya dereva wa karibu mnayemwamini.

KALAMU NAYO INAOKOA

Sasa tumfikie mwandishi. Hapa ndipo kisomo chenu kinapoingia kazini.

Mgonjwa anapofika hospitalini, iwe Hospitali ya Wilaya ya Same, iwe Gonja, iwe KCMC kule Moshi, daktari anauliza: Ilianza saa ngapi? Amepewa dawa gani? Ndugu wamechoka, wamelowa, wanalia. Mmoja anasema jioni, mwingine anasema usiku. Mmoja anasema amekunywa kidonge, mwingine anasema hapana. Daktari hajui aanzie wapi.

Mwandishi anachukua karatasi moja na kuandika mistari michache:

Jina la mgonjwa na umri wake.
Tatizo lilianza saa ngapi.
Dalili tulizoziona.
Tulichomfanyia, na saa yake.
Dawa alizotumia, za hospitali au za kienyeji.
Namba ya simu ya ndugu.

Basi. Karatasi hiyo inafungwa pamoja na kadi ya kliniki na kuwekwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Nanyi msione haya kuandika dawa ya kienyeji. Daktari hataki kumgombeza mtu. Anataka kujua kilichomo mwilini.

Mwaka 1973 wazee wetu waliokuwa katika vikundi vya redio vya "Mtu ni Afya" walijifunza kusoma vijitabu na kisha wakachimba vyoo. Hawakusoma ili wapate kusifiwa. Walisoma, wakatenda. Mwandishi wa safari ya mgonjwa anafuata njia ile ile.

TUFANYE NINI, TUSIFANYE NINI

Msaidizi wa mgonjwa akumbuke haya machache.

Damu inayotoka jerahani: kandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia. Kitambaa kikilowa, usikitoe. Ongeza kingine juu yake.

Mtu aliyepoteza fahamu lakini anapumua: mlaze ubavu, ili matapishi yasimpalie. Usimnyweshe chochote, hata maji, hata chai.

Mjamzito: mlaze kwa ubavu wa kushoto.

Mtoto mwenye degedege: usimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, mpeleke haraka.

Aliyeungua: mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala unga.

Aliyeumwa na nyoka: mtulize, asitembee, mguu au mkono usichezeshwe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza.

Aliyeanguka kutoka mtini au jabalini: usimkunje shingo wala mgongo. Mlazeni juu ya ubao, watu kadhaa mkimnyanyua kwa pamoja kwa sauti ya kiongozi.

Haya si mambo ya kusikia mara moja. Ni ya kuzoeza mikono. Mwulizeni muuguzi wa zahanati awape zoezi. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho kipo nchini tangu 1962, na hufundisha huduma ya kwanza.

USIONGEZE MGONJWA WA PILI

Sasa tushuke barabara kuu. Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba hapa Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu zaidi ya 35 walikufa. Wengi waliungua hata wasitambulike. Msiba ule uliingia katika nyumba nyingi za mkoa wetu.

Mtu anapoona moto wa namna ile, moyo unamwambia kimbia ukaokoe. Moyo huo ni mwema. Lakini sheria ya kwanza ya waokoaji wote duniani ni hii: jihadhari wewe kwanza, ili pasipatikane mgonjwa wa pili. Simameni mbali kidogo, mtazame. Je, mafuta yanavuja? Je, magari mengine bado yanakuja kwa kasi? Wekeni matawi barabarani, mbali, pande zote mbili. Mtu mmoja apige simu. Kisha waokoeni wanaofikika.

Na gari la mafuta likianguka, kaeni mbali kabisa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakalizunguka, wengi wakichota mafuta. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Hapo palikosekana mtu mmoja wa kusema "Rudini nyuma" na akasikilizwa. Mnaona? Tumerudi kwenye kiongozi.

NANI ANAMTUNZA MTUNZAJI?

Ndugu wanakisomo, jambo hili halisemwi sana, lakini leo tutalisema.

Vijana wanane wamembeba mgonjwa usiku kucha. Wamefika barabarani, naye amekata roho mikononi mwao. Kesho yake wanazika. Keshokutwa wanaambiwa, "Wanaume hawalii, twendeni shamba." Je, mambo yameisha? Kwa wengine hayajaisha. Mmoja hapati usingizi. Mmoja anaota ile njia kila usiku. Mmoja amekuwa na hasira na mkewe. Mmoja ameanza kunywa kila jioni. Mmoja siku nyingine akiitwa kubeba anajificha.

Huyo si mwoga. Huyo ameumia ndani, kama vile mwingine anavyoteguka mguu. Hata madaktari na wauguzi, waliosomea kazi hii, hupatwa na hali hiyo.

Tufanyeje? Kwanza, baada ya safari, kiongozi asiwaache watu watawanyike hivi hivi. Wakae pamoja, wapate uji au chai ya tangawizi, wasimulie kilichotokea. Asitafutwe mwenye kosa siku ile. Kila mtu aseme alichoona na kilichomwuma. Kiongozi awashukuru kwa majina, hata kama mgonjwa amefariki. Hasa akifariki.

Pili, wapumzike. Waliobeba usiku wasidaiwe msaragambo asubuhi. Dereva wa bodaboda au wa gari aliyekesha asipewe safari nyingine kabla hajalala. Dereva mwenye usingizi kwenye kona za mlimani ni hatari kama breki mbovu.

Tatu, zamu. Wabebaji wasiwe wale wale kila siku. Mtu mwema akitumiwa bila kupumzishwa, atachoka, na kijiji kitampoteza.

Nne, mkimwona mwenzenu hajatulia hata baada ya wiki kadhaa, msimcheke. Mpelekeni zahanati. Matatizo ya moyo na mawazo nayo yana matibabu.

Tumkumbuke pia muuguzi wa zahanati yetu. Mara nyingi yuko peke yake, mchana na usiku. Akilala anagongewa. Mgonjwa akifa, watu wengine wanamtukana. Kama ana kosa, ziko ngazi: kamati ya zahanati, mtendaji, halmashauri. Tusimtolee maneno mlangoni usiku. Mletee kuni, mfanyie ulinzi, mwulize ameamkaje. Mtumishi anayeheshimiwa haombi uhamisho haraka.

KAZI HII INA NJIA YAKE

Vijana mlioko hapa, na wazazi wenye watoto shuleni, sikilizeni. Kuokoa maisha ni kazi ya kujitolea, lakini pia ni kazi ya kusomea, yenye mshahara na vyeo.

Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura. Mwaka huo huo chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kilianza kuwasomesha madaktari bingwa wa dharura. Kabla ya hapo nchi yetu haikuwa na mafunzo hayo ya ubingwa. Wahitimu wa kwanza walimaliza mwaka 2013. Kwa hiyo fani hii bado ni changa hapa nchini, na nafasi ni kubwa.

Si lazima wote wawe mabingwa. Mtoto aliyefaulu vizuri Kemia, Biolojia na Fizikia kidato cha nne anaweza kuomba chuo cha utabibu au uuguzi. Msichana asiambiwe sayansi ni ya wavulana. Aidha, Januari 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa wanapatikana kutoka katika jamii yenyewe, mwanamke na mwanamume, kisha wanafunzwa. Nafasi zikitangazwa, tangazo hubandikwa. Someni matangazo! Mtu asiyesoma ubao wa ofisi ya kijiji atasikia habari siku ya mwisho imepita.

Na dereva naye ana njia. Dereva mwenye leseni halali, asiyelewa na anayejua huduma ya kwanza ni hazina kwa mlima huu.

TUANZE WIKI HII

Basi, ndugu zetu, tusiishie kupiga makofi. Wiki hii kila kitongoji kikutane. Chagueni kiongozi wa safari na msaidizi wake. Andikeni majina ya kazi zile sita, pamoja na namba za simu. Nakala moja ibandikwe ofisi ya kijiji, moja zahanati, moja kwa kiongozi. Tengenezeni machela na kuiweka mahali pasipofungwa kwa ufunguo wa mtu mmoja. Kila kaya itoe kidogo kwa mfuko wa dharura, na mweka hazina aandike kila shilingi katika daftari, ili pasiwe na manung'uniko. Haba na haba hujaza kibaba.

Kisha fanyeni zoezi, mchana kweupe. Mlazeni kijana mmoja kwenye machela, mmpeleke hadi barabarani. Hesabuni dakika, mziandike. Mwezi ujao rudieni, mwone kama zimepungua.

Usiku ukifika, pasiwe na mtu wa kuuliza nani anaongoza. Wote wajue. Na mama yule afike akiwa hai.



MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kitongoji chenu, ni nani anayefaa kuwa kiongozi wa safari ya mgonjwa? Kwa nini?

2. Kutoka nyumba ya mbali kabisa hadi mahali gari linapofika ni mwendo wa dakika ngapi? Na wakati wa mvua je?

3. Kati ya kuchelewa kwa aina tatu, ni kupi kunawasumbua zaidi? Mtakuondoaje?

4. Andika karatasi ya mgonjwa kwa mfano wako mwenyewe. Isiwe zaidi ya mistari 8.

5. Wabebaji wenu wakirudi kutoka safari ngumu, kijiji kinawafanyia nini? Kingeweza kufanya nini zaidi?